Aliyekabidhiwa Mto

Katika PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, maarifa ya jamii na dini hukaa kwenye karatasi moja. Mtoto huanza na mito, mazao, wilaya na bunge, na akikaribia mwisho hukuta maswali yamepangwa mawilimawili, moja la Kikristo na moja la Kiislamu, ajibu lake aache la mwenzake. Nadhani waliopanga hivyo walitaka tu kupunguza karatasi. Lakini mimi nafundisha yote mawili, ramani asubuhi na dini baada ya uji, na mpango ule hunisumbua. Sehemu moja mtoto anaandika kwamba mto, msitu na madini ni mali ya taifa. Sehemu nyingine anaandika kwamba kila kitu ni cha Mwenyezi Mungu. Anapata vema mbili, na msahihishaji harudi nyuma kuuliza imekuwaje kitu kimoja kina wenyewe wawili.

Watoto ndio huuliza. Nilikuwa nimetundika chati yangu, gunia la sukari nililolipasua na kulichora Nile kwa rangi ya buluu kutoka Pakwach kupanda hadi mpakani, nikawa nasoma orodha: samaki, maji ya kumwagilia, usafiri, umeme. Msichana mmoja aliyekuja na mama yake kutoka Kajo-Keji, Sudan Kusini, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mto huo unapita kwetu pia. Ni wa nani?" Kijana aliyekaa nyuma yake akamjibu kabla yangu: "Ni wa Museveni." Darasa likacheka. Mwingine, mtoto wa katekista, akasema ni wa Mungu. Nikawaambia wote wakae chini, tumalize orodha. Majibu yote matatu (nahesabu na lile lililokuwamo ndani ya swali la msichana) nilikwenda nayo nyumbani.

Mimi nimezaliwa Koboko, Mnubi kwa baba na Mlugbara kwa mama. Niliolewa Inde, katika wilaya ya Madi-Okollo, na hapo ndipo ninapofundisha darasa la nne. Kiswahili nilikipata kwa baba, naye alikipata kambini Jinja alipokuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza. Kwetu kilikuwa lugha ya amri na ya utani. Mwaka 1979, serikali ya Amin ilipoanguka na watu wa West Nile, eneo letu hili, wakaanza kuikimbia nchi, tulivuka kwenda upande wa Aru, Kongo iliyokuwa ikiitwa Zaire, na huko ndiko nilikoanza shule. Kila asubuhi nilisimama mbele ya bendera ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge, nikaimba wimbo wa nchi ya Mobutu kwa sauti kubwa kuliko watoto wenyeji, maana mkimbizi hujitahidi. Hakuna aliyeniuliza kama nchi ile ilikuwa yangu. Leo watoto kutoka Yei na Kajo-Keji husimama mbele yangu wakaimba wimbo wa Uganda kwa bidii ileile, nami siwaulizi.

Mtaala una ngazi yake. Darasa la nne ni wilaya yetu, la tano Uganda, la sita Afrika Mashariki, la saba Afrika. Ni ngazi nzuri ikiwa kipago cha kwanza kimetulia, na chetu hakijatulia. Koboko ilikatwa kutoka Arua mwaka 2005, Maracha mwaka 2010, Madi-Okollo mwaka 2019. Mwaka 2020 ikafuata Terego, na mwaka huohuo Arua mjini pakawa jiji. Vitabu tulivyo navyo bado vinaiweka Inde ndani ya Arua. Watoto husahihisha kwa penseli ukingoni, wakiwa na furaha ya kuona kwamba hata kitabu hukosea.

Ukirudi nyuma zaidi, hata ngazi za juu hazijatulia. Mwaka 1894 Waingereza walimkodishia Mfalme Leopold wa Ubelgiji ardhi hii ya magharibi ya Nile, ikaitwa Lado. Bendera ilikuwa ya buluu yenye nyota ya dhahabu katikati. Leopold akafa Desemba 1909, na mwaka uliofuata Lado ikawa ya Sudan, ambako zilipepea bendera mbili, ya Waingereza na ya Misri. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikakatwa ikapewa Uganda, na Arua ikaanzishwa. Babu wa baba yangu, bila kuhamisha kitanda chake, alikuwa mtu wa Kongo, kisha wa Sudan, kisha wa Uganda. Wakakwa wa Koboko wana mahali mpakani panapoitwa Salia Musala, mafiga matatu, nchi tatu zinapokutana. Jina hilo hulitumia pia kwa kabila lao zima lililogawanywa na nchi hizo.

Sasa nikimwambia mtoto kwamba mto ni mali ya taifa, atakuwa na haki ya kuniuliza: usiku ule wa kuamkia mabadiliko, mto ulikuwa wa nani? Maji hayakusubiri kutiwa sahihi. Wenye tabia ya kukataa haraka wangesema basi, taifa ni mchoro tu, mwenyewe ni Mungu, tufunge kitabu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa na mwelekeo huo, na uhamishoni kunakupa sababu nyingi za kuwa nao.

Lakini ichukue Lado yenyewe. Leopold alipokufa, kabla utawala mpya haujakaa sawa, wawindaji wa Kizungu walimiminika humu kutafuta pembe za ndovu kwa sababu hapakuwa na wa kuwazuia. Ndovu waliuawa kama vile hawana mwenyewe. Kinadharia Mungu hakuwa ameacha kuwamiliki hata saa moja. Aliyekosekana ni mtu wa kuulizwa. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba swali la mtoto linahitaji majibu mawili ya namna mbili tofauti: kuna mwenye kitu, na kuna aliyekabidhiwa kitu. Serikali haiwezi kuwa wa kwanza. Ole wetu isipokuwa wa pili.

Katika dini yetu ya Kiislamu kuna kisa ambacho nakipenda kuliko vyote vinavyohusu mali ya ardhini, nacho kimo katika vitabu vya hadithi vya Abu Dawud na Tirmidhi. Abyadh bin Hammal, mtu wa Yemen, alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwomba ampe chumvi ya Maarib iwe yake. Akapewa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwa amekaa pale akaeleza kwamba kilichotolewa si kipande cha ardhi cha kawaida, ni kitu kisichokwisha, mfano wa maji ya chemchemi. Mtume akakirudisha. Baadaye wanazuoni wa fikihi, al-Mawardi akiwa mmoja wao, walijenga hukumu juu ya kisa hiki: madini yaliyo wazi, kama chumvi, lami na mafuta ya ardhini, mtawala hana ruhusa ya kumkatia mtu mmoja, watu wote wana fungu. Mimi sishangazwi na hukumu. Nashangazwa na yule mtu wa barazani. Jina lake darasani silitaji, watoto hawatalikumbuka, lakini nawataka wakumbuke alichofanya. Mkuu ameshatoa, mpokeaji ameshaondoka na furaha yake, na mtu wa kawaida anafungua mdomo kueleza kitu kile ni cha aina gani. Na anasikilizwa.

Nilimsimulia mwenzangu anayefundisha dini ya Kikristo, Mkatoliki aliyezaliwa uhamishoni kama nusu ya walimu wa rika letu. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa anasahihisha daftari, kisha akasema, "Sisi tuna Nabothi." Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu lililokuwa karibu na ikulu yake. Nabothi akakataa kuliuza kwa sababu ni urithi wa baba zake. Mkewe Ahabu akatafuta mashahidi wa uongo, Nabothi akapigwa mawe, na mfalme akashuka kwenda kulichukua shamba. Mwenzangu alisema jambo ambalo sikuwa nimeliona: "Chumvi yenu inamkataza mkubwa kutoa cha wote kumpa mmoja. Mizabibu yetu inamkataza kuchukua cha mmoja akasema ni cha wote." Akarudi kwenye daftari zake. Tangu siku hiyo tunavifundisha visa vyote viwili, kila kimoja kwa kipindi chake, na watoto wanaotoka kipindi kimoja huwahadithia wenzao uwanjani.

Katiba yetu ya 1995, nayo, inajua tofauti hii kuliko vitabu vya darasani. Ibara ya 237 inasema ardhi ni ya raia wa Uganda. Ibara hiyohiyo inasema maziwa, mito, ardhi oevu, misitu ya hifadhi na mbuga, serikali inavishika kwa niaba ya watu, yaani ni mdhamini, na ina wajibu wa kuvilinda. Ukifika ibara ya 244, sauti inabadilika: madini na mafuta yote yamewekwa mikononi mwa serikali kama mali, kwa niaba ya Jamhuri. Kwa hiyo babu wa mwanafunzi wangu ana shamba lake la mihogo na ni lake kweli. Mto anaouona kutoka shambani umekabidhiwa serikali amana. Na kama chini ya mihogo kuna mafuta, hayo si yake wala hayajaandikwa amana. Yamechukua jina la mali. Sina ugomvi na kuyaweka mafuta mahali pamoja, kisa cha Maarib kinanielekeza hukohuko. Ugomvi wangu ni kwamba mwenye amana huulizwa, na mwenye mali huwa hapendi kuulizwa. Nawafundisha watoto ibara zote mbili kwa roho ya ile ya kwanza, na mkaguzi akija nitamweleza.

Kwetu jambo hili si la kufikirika. Mafuta ya bonde la Albert yalipothibitishwa mwaka 2006, macho yaligeukia na kwetu. Kati ya 2009 na 2012 kampuni ya Neptune ilichimba visima vitatu vya uchunguzi katika bonde la Rhino Camp, vikaitwa Iti, Avivi na Mvule. Mafuta ya kuuza hayakupatikana. Kwa muda mfupi watu walihesabu utajiri ambao haukuwapo, ndugu wakaanza kukumbushana mipaka ya mashamba, kisha magari yakaondoka. Umeme wa taifa nao ulichelewa sana kutufikia. Kwa miaka tulitegemea jenereta na kituo kidogo cha Nyagak huko Zombo, huku watoto wakikariri bila kukosea kwamba faida mojawapo ya Nile ni umeme. Walikuwa wanaandika jibu hilo kwa mwanga wa tadooba, yaani koroboi.

Nirudi kwenye bendera, maana hapo ndipo wazazi hunijia. Siku za gwaride tunagonga ringi ya gari badala ya kengele, watoto wanapanga mistari, mmoja anavuta kamba. Kwenye bendera yetu jua limeshaila ile rangi ya njano, ukiwa mbali utadhani ni nyeupe, na korongo wa katikati amebaki na mguu wake mmoja ulioinuliwa. Nawaeleza kwamba bendera hii ilipandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, kwamba aliyeibuni ni Grace Ibingira, kwamba nyeusi ni watu wa Afrika, njano ni jua na nyekundu ni undugu. Nawaeleza pia kwamba korongo huyo alikuwa nembo ya askari wa Uganda tangu wakati wa Waingereza; baba alikuwa na beji yake, akaifukia ardhini mwaka 1979 kabla hatujavuka.

Mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wangu, mtu wa swala tano, alinisubiri nje ya lango.

"Mwanangu, ndiyo mnawafundisha watoto kusimamia kitambaa?"

"Babu, wanasimama kwa heshima tu. Hata wewe mgeni akiingia husimama."

"Mgeni huitikia salamu. Hicho kinaitikia?"

Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo naona alinishinda kwa hoja ingawa hakunishawishi. Hofu yake ina ukweli ndani yake. Heshima ikikosa kikomo hugeuka ibada, na ibada kwa kisichoitikia tunalijua jina lake. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu katika kesi ya wanafunzi Mashahidi wa Yehova kutoka mkoa wa Mbeya waliokuwa wameadhibiwa kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Mahakama ikawapa haki wanafunzi. Na Tanzania haijapungua kuwa nchi. Mimi si wa madhehebu yale, na wimbo nauimba, lakini naona nchi inayoweza kumwacha mtoto asimame kimya kwa adabu ina moyo mpana kuliko ile inayomfukuza.

Kuhusu ngao ya taifa nina neno zaidi. Chini ya swala na korongo, chini ya mto na kahawa na pamba, imeandikwa kwamba yote ni kwa Mungu na kwa nchi yangu. Watoto huisoma pamoja kama kiitikio. Mimi mtu wa Koboko siwezi kuipita haraka, kwa sababu mtu aliyetoka kwetu, Amin, aliitawala nchi chini ya maandishi hayo, na Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya maandishi hayohayo. Serikali ikabadilika. Ngao haikubadilika. Juni 1981, katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci nje kidogo ya Arua, wanajeshi wa serikali mpya waliwaua watu waliokuwa wamekimbilia hapo kwa sababu ni nyumba ya Mungu. Serikali mbili zilizochukiana, ngao moja, maneno yaleyale. Darasa la nne siwaelezi kila kitu. Nawaambia kwamba maneno yale hayasemi nchi ni nzuri. Ni ahadi, na anayeahidi anaweza kuvunja, na Mungu ametajwa pale awe shahidi. Hajatajwa awe mshirika. Mtoto wa miaka kumi anaelewa shahidi ni nani. Ameshaona kesi za mbuzi kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kuna mnyama ambaye hayumo kwenye ngao, na kwa haki ya West Nile angekuwamo. Kifaru mweupe wa kaskazini alikuwa jirani yetu. Rhino Camp imepata jina kwake. Mwanzoni mwa 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipiga kambi huko ukingoni mwa Nile akawapiga risasi kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Baadaye pakatengwa hifadhi ya Ajai, katika wilaya yetu hiihii, makusudi wapate pa kuishi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, wakati wa vita na ukimbizi wetu, hakubaki kifaru porini Uganda nzima. Dume wa mwisho wa jamii yake duniani, aliyeitwa Sudan, alikufa Ol Pejeta, Kenya, Machi 2018, akaacha majike wawili, Najin na Fatu. Hapa ndipo mafundisho ya orodha yanapokwama kabisa. Kwenye chati ya rasilimali nimwandike wapi? Si rasilimali tena. Ukimwacha, watoto watakua wakidhani orodha ile ilikuwa hivyo tangu mwanzo, na kwamba kilichokosekana hakikuwahi kukabidhiwa kwa mtu.

Kwa hiyo nilishusha gunia nikalichora upya. Zamani lilikuwa na safu mbili, kitu na faida yake. Sasa safu ni nne: kitu, kilipo, anayekitunza, na tumwulize nini. Safu ya mwisho huijaza darasa. Tumbaku wamemwuliza mkulima: miti ya kukaushia utaipanda lini? Nile, yule msichana wa Kajo-Keji aliamuru kwamba kwenye safu ya anayeitunza yaandikwe majina mawili, Uganda na Sudan Kusini, na swali liwe kama huwa wanazungumza. Kwa kifaru, mabishano yalichukua kipindi kizima, wakakubaliana kuandika Ajai kwenye safu ya kilipo, wakaongeza neno "alikuwa".

Visima vya mafuta vilichukuliwa na kijana wa nyuma, yule wa jibu la Museveni. Kwenye safu ya nne aliandika: mashimo walifunika? Nilipiga simu wilayani kwa ofisa wa mazingira, mtu mwenye subira, akaniambia niandike barua, ipite kwa mwalimu mkuu. Nimewapa watoto waiandike wenyewe. Kwa sasa wanabishana iwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na nani atie sahihi wa kwanza.